Gari Lililochoka kwa Kulala

Mkaguzi wa magari alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, akaubonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba, akauachia, akaubonyeza tena huku anamulika tochi. Mpira ulipobonyea, mistari myembamba ambayo sikuwahi kuiona ikafunguka kama midomo. Ndani ya mmoja zilikuwa zinachungulia nyuzi.

"Mzee, tairi hizi umezifunga lini?"

Asubuhi ile nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwamo. Kashata za tairi zile, yaani meno yanayokamata barabara, zilisimama kama za dukani. Nilikuwa nimezipima mwenyewe jana yake nikapata milimita 7, wakati Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinataka zisipungue milimita 1.6. Nikamweleza hayo, kwa ubishi wa mtu aliyekuja na gari-nyumba lililooshwa hadi rimu. Yule binti hakuzidi miaka 25, na neno "mzee" lilimtoka bila kusita. Alinyanyuka, akafuta kidole kwenye ovaroli.

"Kashata hazina neno. Hili gari halitembei. Limechoka kwa kulala."

Nikarudi nyumbani na karatasi yenye makosa manne na bila cheti. Kwa siku mbili tatu kila aliyeniuliza nilimsimulia jinsi nilivyoonewa.

Kwa asiyelijua, gari-nyumba ni gari lililojengewa chumba mgongoni: vitanda, jiko la gesi, tangi la maji, choo, kabati zinazogongana kila ukipita kwenye tuta. Chini yake ni gari la mizigo la kawaida kabisa, chasisi na injini ileile inayosambaza vifurushi mjini. Mwenye gari huipenda sehemu ya juu. Mkaguzi kazi yake ni ya chini. Mimi kabla ya ukaguzi nilikuwa nimetumia wikiendi nzima kushughulikia mapenzi yangu: nimefua mapazia, nimekaza bomba la sinki, nimepaka mafuta bawaba za kabati. Hakuna hata kimoja kilichotazamwa. Mkaguzi aliingia ndani mara moja tu, kuvuta mikanda ya usalama ya viti vya abiria na kuhakikisha viti vya mbele, vile vinavyozunguka kutazama mezani, vimegeuzwa mbele na kujifunga sawasawa. Nilipomwonyesha jiko alicheka kidogo. "Hiyo nyumba si yangu, mzee. Yangu inaishia kwenye sakafu."

Hilo la sakafu nitalirudia, maana ndilo lililonitia hofu baadaye kuliko tairi.

Kwanza niseme kwamba hata kufika chini ya tochi yake haikuwa kazi ndogo. Vituo vingi vimejengwa kwa ajili ya magari madogo. Lango ni fupi, lifti ni fupi, na gari lenye urefu wa mita 7 likipandishwa kwenye lifti linabaki na mkia unaoning'inia hewani. Miaka ya nyuma niliwahi kwenda kituo chenye lango la mita 3. Kitabu cha gari langu kinasema kimo chake ni mita 2.95, nikaona nafasi ipo. Kitabu hakikuwa na habari ya kile kipitisha hewa cha plastiki nilichoongeza juu ya paa. Ule mlio, krrr, bado ninao masikioni. Siku hizi napiga simu kwanza, nataja kimo, urefu na uzito, na nauliza kama wana shimo la ukaguzi, kwa sababu shimo halijali mkia. Kimo halisi, nilichokipima kwa ngazi na ubao ulionyooka, nimekiandika kwenye karatasi na kukibandika mbele ya usukani.

Sasa turudi kwenye kuonewa kwangu. Hoja yangu ilikuwa moja. Gari langu hutembea kilomita kama 1,500 kwa mwaka, safari mbili ndefu na vijisafari vichache. La jirani hutembea kilomita 40,000. Kwa nini sote tuitwe kwa kalenda ileile? Maana katika nchi nyingi kinachokuita ni kalenda. Uingereza ilipoanza ukaguzi wa lazima mwaka 1960, ulihusu magari yaliyofikisha miaka 10, yakatazamwa breki, taa na usukani. Mwaka 1967 umri ukashushwa hadi miaka 3, na baada ya hapo ni kila mwaka. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 yanaweka kiwango cha chini kwa magari ya abiria kuwa miaka 4 kwa mara ya kwanza, halafu kila miaka 2, na nchi ina ruhusa ya kukaza zaidi. Ujerumani, gari-nyumba lenye uzito kati ya tani 3.5 na 7.5 hukaguliwa kila miaka 2 mpaka litimize miaka 6, kisha kila mwaka. Hesabu zote hizo ni za miaka, na mimi nilikuwa nadai kilomita.

Nililala na ile karatasi. Makosa yenyewe yalikuwa haya: tairi mbili za nyuma zina nyufa zilizofika kwenye nyuzi, handbreki haishiki upande wa kulia, taa za mbele zinamulika juu kuliko inavyotakiwa, taa ya namba haiwaki. Nikayapitia moja baada ya jingine nikitafuta lipi limeletwa na kutembea. Sikupata hata moja.

Handbreki niliiona kwa macho yangu. Gari liliwekwa juu ya kipimo cha breki, yale mapipa mawili ya chuma yanayozunguka chini ya magurudumu ya ekseli moja. Mapipa huzungusha gurudumu, wewe unakanyaga breki taratibu, mashine inapima kila gurudumu linakataa kwa nguvu kiasi gani. Breki ya mguu ilipita kwa shida. Kwa kipimo cha Ulaya, gurudumu likivuta chini ya asilimia 70 ya mwenzake wa upande wa pili, umefeli, na mantiki yake inaeleweka: breki isiyolingana inalivuta gari pembeni siku unayoihitaji kwelikweli. Kisha akaniambia nipandishe handbreki. Mshale wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukatikisika, ukatulia palepale, kama mtu aliyeitwa akajifanya hajasikia.

Fundi alipofungua gurudumu, sababu ilikuwa wazi. Diski ya breki husafishwa na breki yenyewe. Kila unapokanyaga, pedi zinakwangua kutu ya usiku uliopita. Gari likikaa miezi mitano, hakuna wa kukwangua. Kutu inajenga, inakula uso wa diski, inaingia kwenye pini za kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, na kwenye kebo ya handbreki. Mimi tena nilikuwa nimelisaidia tatizo, maana kila nikiliegesha kwa msimu nilikuwa navuta handbreki mpaka mwisho, kwa usalama, nikijisifu. Kebo ilikaa imevutwa miezi mitano, ikagandia humohumo. Fundi akanielekeza: sehemu tambarare, gia ndani, kabari za maana mbele na nyuma ya magurudumu, handbreki iache chini. Mafuta ya breki nayo yakabadilishwa, kwa sababu yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limesimama, na mafuta yenye maji huchemka mapema kwenye mteremko mrefu. Mteremko mrefu na gari la tani tatu na nusu ni mahali pabaya pa kujifunza jambo hilo.

Taa ya namba ilikuwa panya. Sina la kuongeza. Alipata nyumba kavu, yenye godoro, isiyo na mtu, akala waya.

Taa za mbele zilinichanganya zaidi, mpaka fundi akauliza, "Tangi la maji huwa unaliacha limejaa?" Ndiyo, huwa naliacha limejaa. Lita 100, yaani kilo 100, limefungwa nyuma. Na kabati la nyuma lina zana, viti vya kukunja, turubai, kamba, jeki ya pili ambayo sijui niliiweka ya nini. Vyote hukaa humo mwaka mzima kwa sababu ni uvivu kuvitoa. Springi za nyuma zimebeba mzigo huo usiku na mchana bila kupumzika, zimelala, mkia umeshuka, pua imeinuka, na taa zimetazama machoni mwa wanaokuja. Tulitoa mizigo, tukamwaga maji, pua ikashuka vidole viwili. Tofauti iliyobaki kwenye taa ikarekebishwa kwa bisibisi.

Hapo ndipo nilipokwenda mizani, jambo ambalo hakuna mkaguzi aliyenilazimisha. Nilipima gari zima, kisha kila ekseli peke yake. Jumla ilikuwa kilo 3,410, nikashusha pumzi, kwa sababu kilo 3,500 ndiyo mpaka ambao leseni ya kawaida ya gari dogo inaishia katika nchi nyingi za Ulaya. Lakini ekseli ya nyuma peke yake ilisoma kilo 2,060, na kibao cha chuma karibu na injini kinairuhusu 2,000. Sababu kubwa ni baiskeli. Mbili pamoja na rafu yake ni kilo 60, nami nilikuwa nimezihesabu kama kilo 60. Zimening'inia mita 2 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 4. Kwa hiyo gari linakuwa pembea. Nyuma inabeba kilo 90, na mbele inanyanyuliwa kilo 30, kwenye magurudumu yaleyale yanayoongoza gari. Unaweza kuwa halali kwa jumla na ukawa na kosa nyuma. Baiskeli sasa zinasafiri ndani, kitandani, zimefunikwa shuka. Mke wangu hajalifurahia hilo.

Ya sakafu sasa.

Yale maneno ya binti, kwamba yake inaishia kwenye sakafu, hayakunitoka. Katika ukaguzi wa Uingereza, kwa mfano, mfumo wa gesi wa ndani haumo kabisa. Kuna mafundi wanaokagua sehemu ya makazi, lakini ni hiari yako. Ujerumani walikaza: tangu Juni 2025, mfumo wa gesi wa gari-nyumba lazima ukaguliwe kila miaka 2, ukaguzi wake wa peke yake, mbali na ule wa barabarani. Kwa hiyo cheti kinachong'aa kwenye kioo kinaweza kuwa kinasema habari za nusu ya gari, na nusu nyingine ndiyo ninayolala ndani yake na familia, milango imefungwa.

Nilifungua kabati la mitungi. Mpira wa gesi huwa umechapwa mwaka wake ubavuni, na wengi wanaojua kazi hii huubadilisha pamoja na regulata, kile kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi ya mtungi, ukifika miaka 10. Wangu ulikuwa na miaka 14. Nikaukunja kidogo, nikaona mistari ileile ya tairi. Nikapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote nikiwa nimefungua mtungi na kufunga majiko. Kwenye kiungo kimoja, povu likavimba taratibu, kijibofu kimoja, kikapasuka, kikaja kingine. Uvujaji mdogo mno, usingeunusa ukiwa umesimama. Nilifunga mtungi, nikakaa kwenye ngazi ya mlango kwa muda.

Kisha nikakumbuka tundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inashuka na kutanda sakafuni kama maji. Ndiyo maana watengenezaji wa magari haya huacha matundu sakafuni, karibu na mitungi na majiko, ili gesi ianguke itoke nje. Anayelala humo hulijua tundu hilo kwa namna nyingine: ndipo baridi inapoingilia. Safari moja, usiku wa upepo, mtoto analia miguu imeganda, nililiziba kwa gundi ya karatasi na kipande cha kapeti. Nililiziba mwenyewe, na miaka mitatu ilikuwa imepita. Nilipokitoa kipande kile cha kapeti, chini yake kulikuwa kumekusanyika vumbi, nyasi, na punje za mchele ambazo nadhani zilikuwa akiba ya panya.

Sikumwambia mke wangu siku hiyo. Nilimwambia wiki iliyofuata, mpira mpya na regulata mpya vikiwa vimefungwa na fundi wa gesi amepima shinikizo. Aliniangalia muda mrefu. Kisha akauliza kile king'ora cha hewa ya sumu, kile cha kaboni monoksaidi, betri yake ilibadilishwa lini. Sikuwa na jibu. Kilikuwa kimebandikwa ukutani kizuri kabisa, na hakina uhai.

Baada ya hapo nimekuwa na utaratibu. Mara moja kwa mwezi nalitoa, naliendesha nusu saa au zaidi, mpaka injini na gia vipate moto wa kutosha, na njiani natafuta mahali patupu nikanyage breki kwa nguvu mara kadhaa. Zamani nilidhani kuliwasha likiwa limesimama, dakika tano, likinguruma kidogo, kunatosha. Afadhali usiliwashe kabisa. Dakika tano hazirudishi kwenye betri hata umeme uliotumika kuliwasha, na zinaacha unyevu ndani ya bomba la moshi, bomba likae likioza kwa ndani. Tangi la maji nalimwaga. Milango ya kabati naiacha wazi ili hewa ipite, na mara moja moja nabonyeza kuta chini ya madirisha. Ukuta uliolainika unamaanisha maji yamekwishaingia, na maji kwenye fremu ya mbao ni maradhi yanayokula kimyakimya kabla doa halijaonekana.

Ukaguzi wa pili nilipita. Binti yuleyule, tochi ileile. Mshale wa kulia ulipanda ukamfikia wa kushoto, akatikisa kichwa kidogo, akagonga muhuri. Hakusema kitu, nami sikumkumbusha ubishi wangu.

Tairi nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo zilizonifundisha kusoma. Ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zilisomeka 3413: wiki ya 34 ya mwaka 2013. Nilikuwa nimezipita kila siku niliyojaza upepo, miaka 11, bila kuziona. Umri peke yake haukuniangusha. Nyufa ndizo zilizoniangusha. Lakini nyufa zina mama. Mpira wa tairi huchanganywa na nta inayoukinga na hewa na jua, na nta hiyo hujisogeza hadi juu pale tairi linapozunguka na kukunjakunja. Tairi lililosimama halijipaki mafuta. Linakauka sehemu moja, limebeba uzito mmoja, jua la upande mmoja. Uingereza, kuanzia Februari 2021, ilipiga marufuku tairi zilizozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Magari-nyumba hayakuguswa na marufuku hiyo, ingawa sijui gari gani jingine lina tairi zinazozeeka kabla ya kuchakaa kama haya.

Nilikwenda kununua nne, zote, pamoja na mbili za mbele ambazo mkaguzi alikuwa ameziacha. Nilitaka zile zenye alama ya CP, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari linalobeba karibu uzito wake wote hata likiwa limeegeshwa. Kabla fundi hajazipandisha kwenye rimu nilisoma namba zake moja moja, nikamrudishia moja iliyokuwa na miaka 3 dukani. Hakubisha. Kisha nikamwomba jambo la mwisho: zile namba nne kwa kawaida huchapwa ubavu mmoja tu wa tairi, na hizi hazikuwa na upande wa lazima wa nje, kwa hiyo azifunge namba zitazame nje, nizione kila nikipita.

Aliligeuza la kwanza, akatafuta namba kwa kidole, akacheka peke yake.

"Wenye magari haya," akasema, "wakikaribia kuuza, huwa wanakuja kuniomba zitazame ndani."